Fedha ya mradi haiazimwi: kwa makatibu wapya wa diakonia (huduma ya kanisa kwa wahitaji)

Bwana Yesu asifiwe.

Wiki iliyopita katibu mmoja kijana aliniletea marejesho ya mradi wa cherehani wa usharika wake. Hesabu zilikuwa safi, isipokuwa kasma ya mafunzo, yaani fungu lake kwenye bajeti: fedha yake haikuwepo benki, wala haikuwa na hati ya malipo. Nikamuuliza imekwenda wapi. Akajibu bila wasiwasi wowote, “Tuliiazima kidogo kumalizia uzio, mzee. Baada ya mavuno tunairudisha.”

Nilifunga faili nikatoka nje kwanza. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2011, na yaliyonikuta sitaki yamkute kijana huyu wala mwingine wenu. Nawapenda sana, mnafanya kazi hii bila posho ya maana, lakini mwaka wa tatu sasa nasahihisha makosa yaleyale. Basi nayaandika.

1. Soma masharti ya mfadhili mpaka mstari wa mwisho kabla hujaandika neno. Wako wafadhili wa familia ya kanisa, kama UEM, umoja wa makanisa wa misioni wenye makao kule Wuppertal, Ujerumani, ambao baadhi ya dayosisi zetu ni wanachama wake. Hawa ukiwaambia uinjilisti wanakuelewa. Mifuko mingi ya balozi haigharamii shughuli za kidini, inataka maji, afya, kipato. Msifiche mkutano wa injili ndani ya “uhamasishaji wa jamii”. Mwaka juzi andiko moja la kuomba fedha lilifika kwangu na spika nne na jenereta chini ya kichwa “vifaa vya elimu ya lishe”. Nililirudisha siku hiyohiyo. Kama mnahitaji spika, ombeni spika kwa anayetoa spika, au pigeni mnada baada ya ibada.

2. Usharika hausaini mkataba kwa jina lake. Mwenye usajili ni bodi ya wadhamini, kwa hiyo barua inatoka kwa mchungaji, inapita kwa mkuu wa jimbo, ndipo inafika kwa katibu mkuu. Kila meza inakula siku zake. Andiko la tarehe ya mwisho 30 likinifikia tarehe 28, hata mimi siwezi kulisaidia.

3. Andika watu, msiandike “jamii yote”. Wajane 32 wenye majina, mitaa na saini zao wana uzito kuliko “wananchi zaidi ya 5,000 watanufaika”. Na hao watu waulizeni kwanza wanataka nini. Mkiwauliza, msiwaulize Desemba hadi Machi mkitegemea pia wachimbe msingi. Huku kanda ya kati huo ni msimu wa shamba, na nguvukazi mliyoipigia hesabu kama mchango wa jamii iko kwenye mtama na alizeti. Nimeona shimo la tanki likijaa maji ya mvua na kubomoka kingo kwa sababu fedha ilifika Januari na hakukuwa na mkono wa kujengea.

4. Fedha ya kasma ikae kwenye kasma yake.

Mwaka 2011 tulipata ruzuku ya shilingi 5,200,000 kutoka kwa usharika rafiki wa Ujerumani. Mradi ulikuwa wa kuku wa kienyeji kwa wajane 32. Kila mama mitetea mitano, banda la miti na matope lililoinuliwa, na chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni. Kasma ya chanjo na mafunzo ilikuwa shilingi 480,000. Machi afisa mifugo alikuja, tukachanja kuku wote, wakina mama wakaimba, nikapiga picha za taarifa.

Aprili upepo uliezua nyumba ya mwinjilisti wa mtaa wa juu. Mtoto wake alikuwa na wiki mbili. Nilifika jioni nikamkuta mkewe amekaa jikoni, amemfunika mtoto kwa khanga na juu yake turubai, maji yanachuruzika ukutani. Usharika haukuwa na kitu. Nikakumbuka zile 480,000 zimelala benki, na chanjo ya pili ni mpaka Juni. Nikamshawishi mtunza hazina, tukanunua mabati na misumari. Sikuandika barua, wala sikupeleka jambo kwenye baraza la wazee. Nilisema, sadaka ya mavuno itarudisha.

Mvua iliyokuja na upepo ule ndiyo iliyokuwa ya mwisho msimu ule. Mtama ulikauka haujajaza. Sadaka ya mavuno ilikuja debe moja moja, na mnada ulitupa shilingi 90,000, zikaenda kwenye mshahara wa mwinjilisti huyohuyo. Juni ikapita. Na hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo: mwisho wa Juni taarifa ya nusu mwaka ilikuwa inadaiwa, nikaandika kwamba chanjo ya pili imefanyika. Niliamini tutaichanja Julai na taarifa itakuwa kweli. Nikaweka muhuri.

Agosti kideri kiliingia. Mharo wa kijani, shingo zinapinda, kuku anazunguka palepale, kesho yake amekufa. Vifaranga walioanguliwa tangu Aprili hawakuwa wamepata tone hata moja. Ndani ya wiki mbili mabanda yalikuwa kimya.

Mama mmoja wa mtaa wa chini alikuja ofisini na kiroba. Ndani yake mitetea mitatu, imekufa, ameifunga miguu pamoja kama anayepeleka sokoni. Hakuja kulalamika. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Katibu, ile chanjo ya mwezi wa sita ilikuwa siku gani? Nadhani sikusikia tangazo kanisani. Siku ile nilikuwa namuuguza mama.”

Alikuwa anajilaumu yeye.

Nilimwambia ukweli palepale. Jumapili iliyofuata niliwaambia wote 32, mbele ya mchungaji na wazee. Kisha nikawaandikia wafadhili, kurasa mbili, pamoja na kile nilichodanganya kwenye taarifa. Jibu lao lilikuja baada ya siku sita. Mhazini wao alieleza kwamba wana akiba ndogo ya dharura, na kwamba kama tungeomba kuhamisha kasma kwa ajili ya paa la mwinjilisti, wangekubali na kuongeza fedha ya chanjo. Siku sita! Chanjo ilikuwa bado na miezi miwili. Nusu ukurasa wa barua ungewaokoa kuku wa watu.

Tulirudisha 480,000 kufikia Machi, sehemu kubwa kutoka kwenye mshahara wangu. Ruzuku zilisimama miaka miwili, na andiko la baiskeli za wainjilisti likalala droo. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali aliendelea kwenda kwa miguu, kilomita 14 kila Jumapili, kwa kosa ambalo hakulijua. Wale mama hawakuniacha. Waliendelea kunisalimu, wengine waliniletea mayai walipopata kuku wengine. Lakini kila mwezi wa sita unapofika namkumbuka yule mama na kiroba chake.

Kwa hiyo mkipatwa na dharura, na mtapatwa, itisheni baraza, andikeni muhtasari, mwombeni mfadhili kibali cha kuhamisha, msubiri jibu lake la maandishi. Paa la mwinjilisti ni hitaji la kweli, sikukosea kulihurumia. Nilikosea kulilipia kwa kuku wa wajane bila kuwauliza wao wala mwenye fedha.

5. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi dukani, zinafifia. Toeni nakala siku mliyonunua, mzibane pamoja na hati ya malipo.

6. Wekeni makato ya benki kwenye bajeti, na msipige hesabu kwa kiwango cha euro cha siku nzuri kuliko zote.

7. Mkinyimwa, andikeni barua ya kushukuru na kuuliza sababu. Mradi wetu wa pili wa kuku ulipatikana hivyo, mwaka 2014, na safari ile ratiba ya chanjo tuliibandika mlangoni mwa kanisa ili kila mama aisome mwenyewe.

Yule kijana wa cherehani nimemwambia aje Alhamisi saa mbili asubuhi na mchungaji wake, mtunza hazina na kitabu cha fedha. Barua kwa mfadhili tutaiandika pamoja. Nanyi wengine wenye kasma “iliyoazimwa”, njooni siku hiyohiyo. Benchi ni refu, na chai itakuwepo.