Barua kwa mwanangu: kaimu mfalme wa Bavaria

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na picha za theluji nimeziona. Vaa soksi mbili.

Unasema kila asubuhi unapita Prinzregentenstraße (yaani Mtaa wa Kaimu Mfalme) hapo München ukienda kazini, na mwenzako mmoja amekuambia kwamba mtaa huo umepewa jina la mtu aliyempokonya ufalme mtoto wa kaka yake, kisha kijana akakutwa amekufa ziwani. Unaniuliza kama ni kweli, na kama ni kweli, iweje mji umpe mtaa, jumba la tamthilia na hata keki. Mwalimu wa historia hata akistaafu hawezi kuliacha swali kama hilo lilale. Kwa kifupi: madaraka aliyachukua, taji hakuligusa. Sasa nikupe urefu wake.

Mtu mwenyewe ni Luitpold. Alizaliwa Würzburg tarehe 12 Machi 1821, mtoto wa tatu wa kiume wa Ludwig I, aliyekuja kuwa mfalme wa Bavaria, ufalme wa kusini mwa Ujerumani, miaka minne baadaye. Katika nyumba ya kifalme mtoto wa tatu hana cha kungojea. Kaka mkubwa, Maximilian, ndiye mrithi. Wa pili, Otto, alipelekwa kuwa mfalme wa Ugiriki. Yeye akapewa mizinga. Akiwa na miaka 14 tayari anaitwa kapteni wa kikosi cha mizinga, cheo ambacho bila shaka alikivaa kabla hajakielewa. Lakini jeshini alibaki, na mwaka 1866, Bavaria ilipoingia vitani upande wa Austria dhidi ya Prussia, ufalme wenye nguvu wa kaskazini mwa Ujerumani, aliongoza divisheni. Walishindwa. Katika mapigano ya Helmstadt mwanawe wa kwanza, naye Ludwig, alipigwa risasi ya paja mbele ya macho ya jeshi la baba yake. Sijui mzazi anaamrishaje watu kusonga mbele saa hiyo.

Miaka minne baadaye Bavaria ilikuwa bega kwa bega na Prussia ileile, safari hii dhidi ya Ufaransa, na Luitpold akakaa makao makuu ya vita akimwakilisha mfalme wake. Mfalme huyo ndiye Ludwig II, mtoto wa kaka yake Maximilian, aliyetawazwa mwaka 1864 akiwa na miaka 18. Desemba 1870 ni Luitpold aliyemkabidhi mfalme wa Prussia barua ya kumwomba awe kaizari wa Ujerumani nzima. Barua imesainiwa na Ludwig II, maneno yametungwa na Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, na aliyetumwa kuifikisha ni baba mdogo.

Tuje kwenye kesi yenyewe. Ludwig II alipenda majumba kuliko mikutano. Alijenga Neuschwanstein, Linderhof na Herrenchiemsee, akaacha kuonana na mawaziri, madeni yakafika mark milioni 14 hivi, na bado alitaka kukopa. Mawaziri waliona vyeo vyao viko hatarini. Wakamwita Bernhard von Gudden, daktari wa magonjwa ya akili, yeye na wenzake watatu wakaandika ripoti kwamba mfalme ni mwendawazimu asiyepona. Walitegemea maneno ya watumishi na makaratasi. Mgonjwa mwenyewe hawakumpima. Hapo, mwanangu, mwenzako ana haki ya kukasirika, nami nakasirika naye.

Tarehe 10 Juni 1886 Luitpold akatangazwa kaimu mfalme. Ujumbe wa kwanza uliokwenda Neuschwanstein kumchukua mfalme ulikamatwa kwa amri yake, na watu wa vijijini wakaja kumlinda. Ujumbe wa pili ulifaulu, ukampeleka kwenye jumba la Berg. Jioni ya tarehe 13 mfalme alitoka kutembea na Gudden kando ya ziwa Starnberg, na usiku wote wawili wakakutwa majini, wamekufa. Kilichotokea hadi leo kinabishaniwa. Ila hakuna ushahidi kwamba Luitpold aliagiza kifo, na watu wanaochanganya kumwondoa na kumwua wanarahisisha mno.

Baada ya hapo taji lilimwangukia Otto mwingine, mdogo wake Ludwig II, ambaye alikuwa mgonjwa wa akili kweli, amefungiwa katika jumba la Fürstenried. Kwa hiyo Luitpold, mwenye miaka 65, akaendelea kuwa kaimu. Mwanzoni watu walimnunia. Majumba ya marehemu yalifunguliwa kwa watalii wenye tiketi wiki chache tu baada ya mazishi, na hilo nalo si la kusifia. Kilichowalainisha ni miaka. Alivaa kama mwindaji, alipanda milima na bunduki hadi uzeeni, alizunguka karakana za wachoraji akinunua picha na kugawa sigara. Serikali aliwaachia mawaziri, labda kupita kiasi. (Mwaka uleule wa 1886 Berlin na London waligawana bara ya Afrika Mashariki, nyuma ya ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar; mambo hayo hayakupita mezani kwake.)

Binti yake Therese ningependa umsome zaidi. Alisafiri hadi Brazil, akakusanya mimea na wanyama, na mwaka 1897 Chuo Kikuu cha München kikampa udaktari wa heshima, wakati wanawake walikuwa bado hawaruhusiwi kujiandikisha humo kama wanafunzi.

Ushahidi wangu mkubwa ni huu. Miaka 26 Luitpold alikuwa na nguvu zote, na mfalme wa jina hawezi hata kusaini. Wapo waliomtaka abadili katiba avae taji. Hakubadili. Alikufa kaimu, tarehe 12 Desemba 1912, ana miaka 91. Mwanawe, yule wa risasi ya paja, hakungoja hata mwaka utimie: Novemba 1913 katiba ikarekebishwa akawa Ludwig III, Otto yu hai bado. Novemba 1918 mapinduzi yakamkimbiza München. Mwambie mwenzako kama anatafuta mtu aliyelinyakua taji la ndugu yake, aanzie hapo.

Ile keki yenye tabaka nyembamba na krimu ya chokoleti, mimi na sukari yangu siruhusiwi. Kula kipande changu pia, kisha uniambie.

Mama yako