Usiwape wanafunzi orodha ya makosa ya filamu

Asubuhi nafundisha historia sekondari, jioni nafundisha kwaya ya vijana parokiani. Wale wale wanaoimba Ave Verum ya Mozart jioni ndio ninaowakuta asubuhi wakiwa wamekalia madawati. Miaka kadhaa iliyopita nikaona niyaunganishe hayo mawili: tutazame Amadeus, filamu inayomhusu Mozart na Salieri, mtunzi mwenzake wa muziki, kisha tujifunze kupima ukweli wa kihistoria ndani yake. Mara ya kwanza niliharibu, na ni vizuri nianze na hilo.

Nilikuwa nimeandaa karatasi ya makosa. Salieri hakumuua Mozart. Salieri hakuwa mseja, alikuwa na mke na watoto wanane. Aliyemwagiza Mozart atunge Misa ya Wafu si Salieri; ni kabaila aitwaye Franz von Walsegg, aliyefiwa na mkewe Februari 1791 na kumtuma mtu kwa siri. Projekta ilipozimwa nikasoma karatasi yote kutoka juu mpaka chini. Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama yote haya ni uongo, tutajuaje kama huyo Mozart mwenyewe alikuwepo?"

Swali lile lilinikosesha raha siku nzima. Nilikuwa nimewatoa kwenye kuiamini filamu nikawaingiza kwenye kuniamini mimi. Hakuna aliyepima chochote. Na baadhi yao walishafika mahali pa kusema kila kitu ni hadithi tu, jambo ambalo kwa mwalimu wa historia ni gumu kulirekebisha kuliko imani ya kupita kiasi.

Siku hizi nawaacha waitazame yote, kwa vipindi kadhaa maana ni ndefu, bila kuisimamisha ili nisahihishe. Waipende. Walie wakitaka. Baada ya hapo nachagua tukio moja tu, na kando yake naweka maandishi machache ya wakati ule.

Tukio ninaloanza nalo ni mazishi. Mvua inanyesha, jeneza linafunguka chini, mwili uliofungwa gunia unaporomoka shimoni juu ya miili mingine, chokaa inamwagwa. Kwetu sisi mazishi ni jambo la ukoo mzima, kwa hiyo tukio hili linawachoma vijana. "Alitupwa kama mbwa," wanasema. Nawaacha waseme yote yaliyo moyoni, halafu nauliza jambo dogo: nani alisema siku ile mvua ilinyesha?

Hapo natoa vipande viwili vya karatasi. Cha kwanza ni simulizi iliyotoka gazetini Vienna, mji alikofia Mozart, mwezi Januari 1856, wakati wa kuadhimisha miaka 100 tangu Mozart azaliwe. Inasema hali ya hewa ilichafuka vibaya, mvua na theluji kwa pamoja. Cha pili ni mstari mmoja kutoka shajara ya kabaila Karl von Zinzendorf, aliyeishi Vienna na kuzoea kuandika hali ya hewa siku kwa siku. Tarehe 6 Desemba 1791, siku inayotajwa kuwa ya mazishi, aliandika kwamba hewa ilikuwa tulivu na ukungu ulikuja mara kwa mara. Siwaambii kipi ni sahihi. Wanapiga hesabu wenyewe, 1856 toa 1791, miaka 65. Wanabishana. Mwaka jana kijana mmoja asiyezungumza sana alisema: "Huyu wa shajara hakujua kama kuna mtu atakuja kumuuliza." Nimefundisha somo la vyanzo kwa miaka mingi na sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Jeneza lenyewe lina mambo zaidi. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II, mtawala wa Austria, aliamuru watu wazikwe bila makuu, nje ya mji, ndani ya magunia, na jeneza la kufunguka chini litumike tena na tena. Wakazi wa Vienna walikasirika sana, na amri ya jeneza hilo ikaondolewa mwanzoni mwa 1785. Kwa hiyo Mozart alipofariki, miaka sita na kitu baadaye, halikuwa la lazima tena. Lakini kuzikwa kwenye kaburi la kawaida lisilo na alama, nje ya mji, kulibaki jambo la watu wengi. Yeye alizikwa kwa daraja la tatu, gharama ikiwa florini 8 na kreuzer 56, fedha za wakati ule. Hapa ndipo wanafunzi wanapogundua kwamba mbali na kweli na uongo kuna aina ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote: jeneza lile si la kubuni, limehamishwa tu kutoka mwaka wake.

Kwa Salieri nenda polepole. Mpe mwanafunzi mwenye sauti nzuri asome barua ya Mozart kwa mkewe Constanze, ya tarehe 14 Oktoba 1791, chini ya miezi miwili kabla ya kifo. Anaeleza alivyompeleka Salieri kutazama Die Zauberflöte, opera aliyoitunga Mozart mwenyewe, na jinsi mgeni wake alivyosikiliza kwa makini mwanzo hadi mwisho akitoa bravo kwa kila kipande. Darasa litaruka: kumbe walikuwa marafiki! Wazuie hapo hapo. Miaka kumi nyuma Mozart huyo huyo alimlalamikia baba yake kwamba Kaisari hamwoni mwingine ila Salieri. Barua moja haibebi maisha ya watu wawili.

Kisha chora ubaoni ukoo wa uvumi wenyewe. Miaka ya 1820, Salieri akiwa mzee na mgonjwa, maneno kwamba alimpa Mozart sumu yanazagaa Vienna. Mwaka 1830 Pushkin, mshairi wa Urusi, anaandika tamthilia fupi juu ya uvumi huo. Mwaka 1979 Mwingereza Peter Shaffer anaandika tamthilia yake, Amadeus, na 1984 inakuwa filamu. Waulize pia kwa nini Salieri wa filamu hana mke. Wakikumbuka nadhiri anayomwekea Mungu tangu ujana, watajibu wenyewe: hadithi ilimhitaji mtu aliyejinyima kila kitu halafu akaona mwingine anapewa bure. Na wakumbushe kwamba karibu yote tunayoyaona yanatoka kinywani mwa mzee mmoja mwenye kinyongo, Salieri mwenyewe.

Mtihani wa kweli, mwalimu mwenzangu, unakuja na filamu ambayo darasa linataka iwe kweli. Kwangu ilikuwa Chevalier, inayomhusu Joseph Bologne, mtunzi na mpiga violini aliyezaliwa Guadeloupe 1745, mama yake akiwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Mwanzoni tu anapanda jukwaani Paris na kumshinda Mozart kwa violini. Darasa lilipiga makofi mpaka jirani akachungulia. Nami nilifurahi nao. Nilipowaambia kwamba hakuna ushahidi wa shindano hilo, ingawa wote wawili walikuwa Paris mwaka 1778, binti mmoja alikasirika: "Hata hii, Mwalimu?"

Sikubishana naye. Nilimwekea konseto moja ya violini aliyoitunga Bologne kwenye spika, tukaisikiliza yote. Kisha nikamsimulia habari ya 1776, Bologne alipotajwa kuongoza Opera ya Paris, na waimbaji wa kike wakamwomba malkia wasiwekwe chini ya amri ya chotara, na kazi hakuipata. Binti akakaa kimya kidogo, akavuta daftari lake. "Hilo ombi," akauliza, "tumelijua kupitia nani?"