Kabla ya kuhesabu vikapu

Wewe uliyeanza mpira wa kikapu juzijuzi, nakuomba uache kwanza kuhesabu mipira inayoingia. Najua si rahisi. Kwa miaka niliyofundisha wanaoanza, karibu kila mmoja huja na lengo lilelile: kumi kwa kumi kutoka mstari wa mitupo huru, mita 4.6 kutoka ubaoni. Anarusha, anakosa. Anaongeza nguvu, anakosa zaidi, na usoni unamwona ameshajihukumu kuwa hana kipaji. Kumbe tatizo ni kiwiko kilichotoka nje.

Siku za mwanzo, lengo lako liwe tendo lenyewe. Kiwiko kikae chini ya mpira, magoti yakunjwe kidogo, nguvu itoke miguuni. Ukishauachia mpira, kiganja kilegee, vidole vielekee chini kama unavichovya majini, vibaki hivyo hivyo mpaka mpira uguse ringi. Kila ukirusha jiulize jambo moja tu: vidole vilibaki? Kama vilibaki, weka alama kwenye daftari, hata kama mpira umekwenda pembeni.

Mwaka 1997 Barry Zimmerman na Anastasia Kitsantas walichapisha utafiti wa wasichana wa sekondari waliokuwa wakijifunza kurusha vishale. Waliofanya vizuri kuliko wenzao ni walioanza na lengo la namna ya kurusha, kisha mkono ulipozoea wakahamia kwenye pointi. Kuandika maendeleo yao kuliwasaidia pia. Ndiyo maana nasisitiza daftari.

Na kujiamini je? Wengi hukusubiri kuje ndipo waanze. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya 1977, alieleza kwamba chanzo chake kikubwa ni kulifanya jambo mwenyewe ukafaulu. Maneno ya kutiwa moyo yana nguvu ndogo zaidi. Hilo nililiona uwanjani. Nilikuwa nikimpigia makofi kila anayerusha, hadi binti mmoja akanitazama na kuniambia, "Kocha, lakini nimekosa." Nikamsogeza karibu na ringi, hatua tatu hivi. Alipofunga minne mfululizo alirudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

Kwa kipimo changu, vidole vikibaki mara nane kati ya kumi bila wewe kuvifikiria, sasa hesabu vikapu. Lenga kimoja zaidi ya jana. Ukianza kukosa mfululizo, rudi kwenye vidole kwa mipira mitano, kisha endelea.