Jibu: alama za "mwenendo wa kitaaluma" wodini zinamwangusha nani

Mwalimu, umeuliza kwa nini kwenye alama 20 za "mwenendo wa kitaaluma" katika mazoezi ya uuguzi wanaoanguka ni walewale: wasichana wa shamba Pemba, mwenye usikivu mdogo, mwenye ualbino. Fomu inauliza "anajiamini?", "ni nadhifu?", na msimamizi anajibu kwa picha aliyonayo kichwani.

Chukua kila kipengele ukiulize: kisipotimizwa, mgonjwa anadhurika vipi? Ukishindwa kulitaja dhara lenyewe, kifute.

"Anajiamini" kinaondoka hapo hapo. Aliyelelewa Micheweni, huko Pemba, hamkazii macho mkubwa wake, ni adabu, na wewe unamwandikia "anasita". Andika vitendo badala yake: alimwita mgonjwa kwa jina, alimweleza dawa na namna ya kuitumia, akamtaka ayarejee maelezo kwa maneno yake. Pima hayo kwa Kiswahili, na lafudhi ya Kipemba isikatwe alama. Bibi wa Konde hahitaji Kiingereza. Kuripoti kesi kwa Kiingereza ni somo jengine, lipewe alama zake mbali.

Mikono mirefu ya nguo ndiyo yenye dhara la kweli, kwa hiyo hapa usilegeze. Ncha ya mkono wa nguo hugusa kitanda hiki ikaenda kile, na huzuia kunawa mpaka juu ya kifundo. Lakini dawa yake si kumvua mtu stara. Uingereza ilianza kudai mikono wazi chini ya kiwiko 2007. Mwongozo wa 2010 ukaruhusu mikono ya plastiki ya kutupwa, kutoka kiwiko hadi kifundo, inayovaliwa na kutupwa kama glavu. Ikikosekana, avae nguo ambayo mkono wake unapanda na kukaa juu, anawe kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, au asugue kipukusi (dawa ya kuulia vijidudu mikononi) sekunde 20 hadi 30, amhudumie mgonjwa, ndipo aushushe. Kosa kubwa ni kuvaa glavu juu ya mkono wa nguo: glavu inatupwa, uchafu unabaki. Hijabu iwe ya kuvutwa tu kichwani, bila pini, ncha zitiwe ndani ya sare, ibadilishwe kila siku. (Na binti wa Kikristo kutoka bara anayekatwa alama za "staha" kwa kichwa wazi anaonewa vilevile.)

Mwenye usikivu mdogo mara nyingi husoma midomo, na barakoa inaifunika. Tafuta yenye dirisha la plastiki, na ripoti ya zamu apewe kwa maandishi. Stetoskopu ya kukuza sauti ipo, ila ajaribu kwanza: wengine hushindwa kuivaa pamoja na kifaa cha sikio.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu. Vistari vya bomba la insulini ni vidogo mno, basi kikuza cha mkononi kiwe mfukoni na mwengine athibitishe dozi. Ziara za shehia (mtaani au kijijini) ziishe kabla ya saa 4 asubuhi, jua lisiwaunguze. Kofia pana isihesabiwe utovu wa sare.

Mkuu akisema huo ni upendeleo, mkumbushe kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unahesabu kunyima marekebisho stahiki (kumrekebishia mtu mazingira ili aweze kufanya kazi kama wengine) kuwa ni ubaguzi.

Kisha wasimamizi wawili wajaze fomu kila mmoja peke yake bila kuoneshana. Kila alama inayokatwa iandikiwe tarehe na kitendo, na mwanafunzi aoneshwe wiki ileile, si siku ya matokeo.