Kitulo Inaendewa Wakati wa Mvua

Msafiri yeyote wa Tanzania ameshaambiwa kwamba hifadhi hutembelewa kiangazi, nyasi zikiwa fupi na barabara zikiwa kavu. Ushauri huo ni sahihi kwa Ruaha, lakini anayeufuata katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo atapanda mlima mzima kwenda kutazama nyasi zilizokauka. Ninaishi Mbeya, nami huwasindikiza ndugu na wageni huko mara kwa mara. Kwa hiyo anayeniomba ushauri mimi humuuliza kwanza mwezi anaokusudia kusafiri, mengine yote tutayazungumza baadaye.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, kati ya safu za milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na sehemu yake kubwa imo Wilaya ya Makete, mkoani Njombe. Udongo wake umetokana na volkano. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au hata Mei, kisha huingia baridi kali ya Juni hadi Agosti, ambayo asubuhi nyingine huziacha nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu. Okidi nyingi, jamii ya mimea ya maua, hukimaliza kipindi hicho zikiwa chini ya ardhi, zimebaki viazi vyake tu, na huchipua mvua zinaporudi. Ndiyo sababu uwanda ambao mwezi Agosti huonekana mtupu, Januari na Februari hujaa maua ya njano, meupe, mekundu na ya zambarau hadi mbali. Zaidi ya aina 350 za mimea zimeorodheshwa pale, zikiwemo aina zipatazo 45 za okidi. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Usiende ukitafuta simba, na usiitazame Kitulo kupitia dirisha la gari. Teremka, tembea taratibu, kisha chuchumaa. Ukilisogelea shina moja la okidi utaona kwamba kile ulichodhani ni ua moja ni maua mengi madogo yaliyopangana, kila moja likiwa halifikii ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na nyuma ya baadhi yake huning'inia virija viwili vyembamba vinavyohifadhi maji matamu ya ua. Mwenye haraka ataona rangi tu, na sioni kama rangi peke yake inafaa gharama ya safari.

Viazi hivyohivyo vinavyoiokoa okidi wakati wa baridi ndivyo vilivyoihatarisha. Nchini Zambia hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo iliwafikisha wachimbaji hadi huku kwetu. Kitulo ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kulinda mimea ndiyo iliyokuwa sababu kuu, jambo lisilo la kawaida katika nchi ambayo hifadhi zake zimejulikana kwa tembo na nyumbu. Kwa hiyo usichume hata ua moja, na mtoto wako naye umkanye mapema.

Wanyama, hata hivyo, hawakosekani kabisa. Katika misitu ya Rungwe na Livingstone, inayopakana na uwanda huo, watafiti walimwona kipunji mwaka 2003, kima ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia kabla ya hapo. Kumwona ni bahati, kwa hiyo usimpangie siku.

Njia ya kawaida kutoka Mbeya ni kufuata barabara kuu hadi Chimala, kisha kupanda kwenda Matamba kwa barabara ya kona zinazohesabiwa kuwa 57. Wakati wa mvua huna budi kuwa na gari lenye kuvuta magurudumu yote manne na dereva aliyeizoea njia hiyo. Lala Matamba, uingie uwandani alfajiri, kwa kuwa mchana ukungu hushuka na radi huanza, na katika uwanda usio na miti wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyolala safari moja alitoka nje, akatazama juu, akasema, "Wanangu, leo rudini kabla ya saa sita." Tulimtii, na saa saba ilinyesha mvua ya mawe. Beba gambuti, koti la mvua na masweta mawili. Mwavuli uache nyumbani, kwani upepo wa kule utaugeuza.

Ikiwa likizo yako huangukia Septemba au Oktoba tu, basi badili kusudi la safari. Wakati huo njia ni kavu na anga hufunguka, hivyo unaweza kupanda mlima Mtorwi, wenye mita 2,961, au kutembea na mwongozaji ukivuka milima ya Livingstone na kuteremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mteremko huo ni mrefu na huumiza magoti kuliko mpando wowote, kwa hiyo beba fimbo imara kabla ya kuanza, na umwombe dereva azunguke kwa Tukuyu akusubiri Matema.