Huyu mrudishe, yule muue: kuvua trauti Yellowstone

SWALI: Mhariri, nimehamia Missoula, Montana. Wenzangu wa kazini walinipeleka kuvua katika hifadhi ya Yellowstone. Mtoni nilinasa trauti, samaki wa maji baridi, nikaambiwa nimrudishe. Ziwani nikaambiwa nikimpata wa aina nyingine, nimuue. Kwa nini? Na anayerudishwa huishi kweli, au huenda kufia mbele?
Msomaji, Missoula

JIBU: Ndugu msomaji, wa mtoni ni katithroti, mwenyeji wa maji hayo: madoa meusi, na mstari mwekundu au wa chungwa chini ya taya. Tangu 2001 samaki wenyeji wote wa Yellowstone lazima warudishwe. Wa pili ni trauti wa ziwa, mwenye madoa meupe na mkia uliogawanyika pande mbili, aliyegunduliwa katika Ziwa Yellowstone mwaka 1994. Huyo hula katithroti. Tena hukaa kilindini, wanyama wasikomfikia, wakati katithroti hupanda vijito kutaga, na huko ndiko dubu na fisimaji humpata. Kwa hiyo katika ziwa hilo sheria inataka auawe, hata kama humli.

Kuhusu kupona, hapo mikono yako ndiyo inayoamua. Jaribio la Kanada lililochapishwa 1992 lilichosha trauti kwa kuwakimbiza. Wasiotolewa majini walikufa asilimia 12. Waliowekwa hewani sekunde 30, asilimia 38. Sekunde 60, asilimia 72. Nje ya maji nyuzi laini za matamvua hulala na kugandana, pumzi ikakatika. Picha nyingi za mitandaoni zimeua samaki kwa njia hii.

Basi tumia mshipi wenye nguvu, umlete upesi. Kijino cha ndoana, kile kinachoizuia isichomoke, kibane kwa plaizi kilale kabisa (Yellowstone ni lazima). Pitisha ncha kwenye kitambaa, ikikwama, bana tena. Lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu hubandua ute na kuvu huingilia hapo. Usimminye tumbo wala usiguse matamvua. Ichomoe ndoana samaki akiwa majini. Kama ameimeza, kata mshipi karibu na mdomo, usiivute. Mshike taratibu, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aondoke mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma.

Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, acha kuvua: oksijeni imepungua, na hata aliyeshikwa vizuri anaweza kufa. Kiangazi nenda alfajiri, na kipimajoto mfukoni.

Leseni ya Montana haitumiki ndani ya hifadhi. Kata kibali cha hifadhi yenyewe.