Hakiki uzito na tungamo la modeli yako, kila kimoja peke yake

Mhandisi kijana anaponiletea modeli ya jengo aliyoiunda kwenye kompyuta niipitie, sianzi na nondo. Namwomba kwanza anionyeshe alivyokokotoa kwa mkono uzito wa jengo zima kwa kilonyutoni, kisha tungamo lake, yaani kiasi cha maada iliyomo, kwa tani. Swali la kwanza wengi wana jibu lake. La pili hujibiwa kwamba programu imelikokotoa yenyewe, na hapo ndipo tunapokaa muda mrefu zaidi.

Katika modeli hizi ni hesabu mbili zinazojitegemea. Uzito ni nguvu inayoelekea chini, nayo ndiyo inayobebwa na slabu, bimu, nguzo na msingi. Tungamo halina mwelekeo, na linaingia kazini pale tu jengo linapotikiswa, kwa kuwa ndilo, pamoja na ukakamavu wa nguzo na kuta, linaloamua kipindi cha mtetemo (muda wa jengo kuyumba mara moja, kwenda na kurudi) na ukubwa wa nguvu za mlalo. Kwa sababu hiyo modeli inaweza kusawazika vizuri kabisa chini ya mizigo ya kudumu, jumla ya nguvu kwenye maegemeo ikalingana na karatasi yako, huku tungamo likiwa limekosewa takribani mara kumi bila programu kutoa onyo lolote.

Mara kumi hiyo hutokana na 9.81, mchapuko wa mvutano wa dunia kwa mita na sekunde. Ukifanya kazi kwa kilonyutoni, mita na sekunde, tungamo linapaswa kuwa kwa tani, hivyo densiti ya zege lenye nondo ni 2.5 na ya chuma ni 7.85. Ukihamia nyutoni na milimita, tungamo linabaki kwa tani lakini zege linakuwa 2.5 × 10⁻⁹ na mchapuko wa mvutano wa dunia unakuwa 9,810. Anayeandika 25, yaani uzito wa mita moja ya ujazo kwa kilonyutoni, mahali pa densiti, anarefusha kipindi cha mtetemo kwa takribani mara 3.1, karibu sawa na kipeuo cha pili cha 9.81. Kosa hilo huonekana mapema, kwani jengo la ghorofa nne lenye kipindi kinachokaribia sekunde moja na nusu humshtua mtu yeyote mwenye uzoefu. Ninaloliogopa zaidi ni la upande wa pili, pale tungamo linapogawanywa kwa 9.81 mara mbili: kipindi kinafupika, nguvu za tetemeko zinashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi, na kila nguzo inaonekana kutosha.

Dawa yake ni kuhesabu sakafu moja kwa mkono kabla ya kuendesha uchambuzi wowote. Chukua sakafu ya mita 20 kwa 15. Slabu ya milimita 150 ina kilonyutoni 3.75 kwa mita ya mraba, ukiongeza 1.25 za saruji ya juu na vigae, unapata 5 kamili, yaani kilonyutoni 1,500 kwa sakafu nzima. Kisha njoo kwenye kuta, na hapa usiharakishe. Ukuta wa tofali za saruji wa milimita 150, uliopigwa plasta pande zote mbili, una takribani kilonyutoni 3.6 kwa mita ya mraba, na ukiwa na kimo cha mita 2.8 unaweka kilonyutoni 10 kwenye kila mita ya bimu. Bimu yenyewe ya milimita 250 kwa 450 ina 2.8 tu. Mita 110 za kuta kama hizo ni kilonyutoni 1,100, na modeli haitazijua mpaka uziingize mwenyewe.

Kuna njia mbili za kuipa modeli tungamo: kutokana na densiti ya viungo vyenyewe, au kutokana na mizigo uliyoiweka. Katika programu kama ETABS na SAP2000 unaweza kuchagua zote mbili kwa pamoja, na ukifanya hivyo huku mzigo wa kudumu ukiwa tayari umebeba uzito binafsi (uzito wa viungo vyenyewe), zege lako lote limehesabiwa mara mbili. Mimi hutumia mizigo peke yake, kwa sababu kuta na vigae vinaingia humo humo. Hakikisha pia kwamba kizidishi cha uzito binafsi ni 1 kwenye kundi moja tu la mizigo na 0 kwingine kote. Kuhusu pale bimu na slabu zinapoingiliana, programu hazifanani: jenga modeli ndogo ya bimu moja na kipande cha slabu, uone inachokupa.

Mzigo wa matumizi, yaani watu, samani na bidhaa, hauingii wote kwenye tungamo. Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya majengo na matetemeko, huanzia sehemu ya 0.3 ya mzigo huo kwa makazi na ofisi, 0.6 kwa maduka na 0.8 kwa maghala, na huruhusu kupunguza zaidi kwa baadhi ya sakafu. ASCE 7, kanuni ya mizigo ya Marekani, inadai robo ya mzigo huo kwa maghala. Tangi la maji juu ya paa ni jambo jingine. Lita 10,000 ni tani kumi zilizokaa mahali pabaya kuliko pote, aghalabu kwenye kona, na ukiliweka kama nguvu ya nodi (nukta moja ya modeli) ndani ya kundi lisilochangia tungamo, msingi utalihisi lakini tetemeko halitalihisi.

Wengi wetu Tanzania tulizoea BS 8110 (kanuni ya Uingereza ya zege), mvutano wa dunia na upepo, hivyo tungamo halikutusumbua. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, linatosha kututoa kwenye mazoea hayo.

Ukilirundika tungamo la sakafu kwenye nodi moja ya katikati, usisahau hali yake ya kuzunguka, yaani ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa. Kwa sakafu yetu, ikiwa jumla, pamoja na bimu, nguzo na sehemu ya mzigo wa matumizi, ni tani 324, zidisha kwa 20² + 15² na ugawe kwa 12: ni karibu 16,900, kwa kipimo cha tani mara mita za mraba. Ukiiacha sifuri, mtetemo wa kujipinda unatoweka kwenye matokeo. Wala usitulizwe na sharti la kufikisha asilimia 90 ya tungamo katika mitetemo uliyochagua, kwa sababu asilimia hiyo hupimwa dhidi ya tungamo lile lile uliloliingiza.